Miezi 14 kabla ya mashine ya mionzi: kipato, umbali na saratani huku kwetu Dodoma

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wana jukwaa.

Nina daftari ambalo nilianza kuliandika Juni 2019, siku nilipomsindikiza shangazi yangu, dada yake marehemu baba, kwenda hospitali kwa mara ya kwanza. Mwanzoni niliandika fedha tu, kwa sababu ndugu walikuwa wanachanga na nilitaka kila aliyetoa shilingi yake ajue imekwenda wapi: nauli, kadi, vipimo, uji wa mgonjwa, gesti. Baadaye nikaanza kuandika na tarehe. Shangazi alifariki Machi 2021 na daftari likawekwa kabatini. Wiki iliyopita nimelitoa kutafuta namba ya simu ya mtu, nikajikuta nalisoma hadi usiku, na nikaona kwamba safu ya tarehe inaeleza mambo ambayo safu ya fedha haiyaelezi.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka na vifo karibu 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo iliyomchukua shangazi, ilikuwa na wagonjwa wapya kama 10,200 na vifo kama 6,500. Marekani mwaka huohuo ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani hiyo takriban 13,800 na vifo takriban 4,300, ilhali watu wao ni zaidi ya mara tano yetu. Kirusi kinachoisababisha ni kilekile na mwili wa mwanamke ni uleule, kwa hiyo tofauti hiyo ya vifo inabidi itafutwe nje ya ugonjwa.

Sasa daftari. Dalili ya kwanza ilikuwa Novemba 2018. Shangazi alikuwa na miaka 54, hedhi ilikwisha koma siku nyingi, na asubuhi moja akaona damu. Alimwambia binti yake mkubwa peke yake. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na aliyewahi kulima Dodoma anajua maana yake: mvua yetu ni ya msimu mmoja, kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka mzima, na anayekosa wiki mbili za mwanzo za kupanda amejipunguzia chakula cha mwaka. Akasema tupande kwanza. Januari na Februari ni palizi, tena ndiyo miezi ambayo ghala limebaki vumbi na watu wanakwenda kibarua kwenye mashamba ya wenzao ili wapate unga wa jioni. Katika kipindi hicho alikwenda zahanati mara tatu kwa miguu, na mara zote tatu alirudi na vidonge vya maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu hapakuwa na kitanda cha kumchunguzia wala mtu aliyefundishwa kutazama mlango wa kizazi. Simlaumu yule tabibu kijana. Alikuwa peke yake na benchi zima la watoto wenye homa. Alizeti ikavunwa Mei, ikauzwa Juni, na Juni ndipo tulipopanda basi. Hiyo ni miezi saba, na hadi hapo hakuna daktari aliyekwisha kumwona.

Hospitali tuliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilimkata kinyama cha kupima mwanzoni mwa Julai, tukaambiwa turudi baada ya wiki tatu. Tukarudi, majibu hayajaja kutoka maabara yanakosomwa. Wiki ya sita tukarudi tena, tukaambiwa kichupa hakionekani, achukuliwe upya. Majibu tuliyashika mkononi mwishoni mwa Septemba. Kila safari ilikuwa nauli ya watu wawili, chakula cha watu wawili na usiku mmoja mjini, kwa kuwa gari la kurudi kijijini huondoka mchana na zamu yetu ya kumwona daktari ilikuwa ikifika gari limekwisha ondoka. Daftarini nimeandika hivi: safari nne, mbuzi wawili.

Oktoba na Novemba zilikwenda kwenye fedha na karatasi. Tulikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, lakini kadi hiyo iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na wakati ule mionzi ilikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 450 kutoka hapa, au Bugando, Mwanza, ambako ni mbali zaidi. Msamaha wa matibabu upo na ni jambo jema, ila unaanzia kwa barua ya mtendaji wa kijiji, unapita kwenye muhuri, unafika kwa afisa ustawi wa jamii, na kila kituo kina siku zake za kufungua. Mtendaji wetu alikuwa semina. Aliporudi, muhuri ulikuwa umebaki alikotoka.

Tulifika Dar es Salaam wiki ya kwanza ya Desemba, na huko nikajifunza kwamba kuchelewa huzaa kuchelewa. Mwanamke aliyevuja damu mwaka mzima haanzishiwi mionzi hivihivi akiwa hana damu ya kutosha. Shangazi aliongezewa chupa tatu, na sisi ndugu tukatafutwa tuchangie. Isitoshe, uvimbe ulikuwa umebana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, figo zikalegea, na dawa ya sisplatini, ambayo kwa kawaida hutolewa pamoja na mionzi ili kuiongezea nguvu, ni dawa inayoumiza figo. Kwa hiyo hakupewa. Alianza Januari 2020 na mionzi peke yake, mara 25 kwa wiki tano, kisha ile ya ndani. Wauguzi walimhudumia kwa upole ambao sitausahau, na hakuna aliyemnyima kitu. Alichokikosa alikuwa amekwisha kukipoteza njiani kabla hajafika.

Jumlisheni: miezi saba, halafu mitatu na ushei, halafu miwili, halafu mmoja na ushei. Miezi 14.

Nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi anakaa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alipapasa kinundu kwenye titi Februari 2019, akaomba ruhusa, akapanda gari kesho yake. Aprili alikuwa amefanyiwa upasuaji, na dripu za kemo alizimaliza kabla ya mwaka kwisha. Yu hai na anafundisha darasa la nne. Kila nikisimulia habari hii, watu wanasema ni kadi ya bima ya NHIF. Mimi nasema kadi ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine ni kwamba mwalimu alipokuwa amelala anatapika, mshahara wake uliingia tarehe zilezile. Wiki tano za shangazi kule Dar es Salaam ziliangukia kwenye palizi ya msimu uliofuata, shamba halikuguswa, na aliporudi nyumbani amedhoofika kaya haikuwa na chakula cha kumrudisha mwili. Hakuna bima ninayoijua inayopalilia shamba la mgonjwa.

Ninachokisema ni hiki, na ningependa mkipinge kama hakisimami: kwenye kila kizuizi mwenye kipato cha uhakika alitoa fedha akapita, na shangazi, kwa kuwa hakuwa nazo kwa wakati ule, alitoa wiki na miezi.

Kijana wa Area C

Mkuu, pole kwa msiba. Naomba nipinge kama ulivyokaribisha.

Kwanza, unalinganisha saratani ya titi na ya mlango wa kizazi, ambazo zina mwenendo tofauti na tiba tofauti, kwa hiyo mwalimu na shangazi hawawekwi kwenye mizani moja. Pili, naona umeuficha ujinga nyuma ya umaskini. Watu haohao ambao hawana nauli ya hospitali wanauza ng'ombe kwa ajili ya sherehe, na wakiugua wanaanzia kwa mganga wa kienyeji kwa miezi sita. Tatu, unaeleza Dodoma ya 2019. Leo tuna treni ya SGR iliyoanza safari za hapa 2024, unafika Dar es Salaam asubuhi hiyohiyo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapahapa. Suala lililobaki ni elimu.

Mtunza Daftari

La kwanza nakubali. Nilipaswa kulisema mwenyewe: ni magonjwa mawili tofauti, na huenda mwalimu angepona hata kama angechelewa kidogo, na huenda shangazi angekufa hata kama angewahi. Kwa mtu mmoja mmoja huwezi kuapa. Ila kwa watu wengi hesabu hainyamazi. Huko Marekani, ambako vitabu vyao vinaandikwa vizuri, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 ambao saratani ya mlango wa kizazi imegunduliwa ikiwa bado iko ilipoanzia huishi miaka mitano na kuendelea, na ikigunduliwa imekwisha sambaa mbali wanabaki karibu 2 kati ya 10. Kwetu wengi wa wanaofika hospitali za saratani wako hatua ya tatu na ya nne.

La ujinga sikubali lilivyowekwa. Shangazi hakwenda kwa mganga hata siku moja. Alijua damu baada ya kukoma hedhi si jambo la kawaida, na alilijua hilo tangu asubuhi ya kwanza. Elimu alikuwa nayo. Hakuwa na kitu cha kuibadilisha elimu hiyo iwe safari. Na hata wale wanaosema saratani haiponi, fikiria wameitoa wapi imani hiyo. Kijijini kwetu kila mtu amewaona waliokwenda wamechelewa, wakarudi, wakazikwa. Aliyepona ni mwalimu, na kovu lake liko chini ya nguo, na yeye hapendi kulizungumza. Mtu anayesema haiponi anatoa ushahidi wa macho yake, na ushahidi huo hautabadilika kwa bango la ukutani.

Kuhusu SGR, nimeipanda na ninaisifu. Lakini rudi kwenye hesabu yangu: safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam, hata ile ya basi la kutwa, ilikula siku moja tu kati ya miezi 14. Miezi saba ya kwanza ilipotea ndani ya kilomita chache kati ya nyumba, shamba na zahanati. Huko reli haifiki.

Nesi Mstaafu, Kongwa

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 30, mingi katika vituo vya afya vya huku kati. Namjibu kijana aliyetaja ng'ombe. Mwanangu, ng'ombe wa nani? Katika nyumba nyingi nilizozijua, mama hulima, hupalilia, hukamua, lakini ng'ombe hauzwi mpaka mwenye zizi aseme. Nilimwona mama mwenye dalili zote akisubiri mume arudi kutoka kwenye malisho ya mbali, tena si kwamba mume alikatalia, hakuwepo tu. Tunapohesabu nani maskini, tusihesabu kaya tu. Tuangalie na ndani ya kaya.

Kuhusu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo cha siki ni rahisi mno: kitanda, taa, vifaa vilivyotakaswa, siki iliyochanganywa kwa kiasi chake, na mhudumu aliyefundishwa macho. Unapaka, unasubiri dakika moja, sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na kwenye vituo vya serikali mama halipi. Kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndicho tulichokitegemea, na wenye virusi vya UKIMWI tulianza nao mapema zaidi, kwa kuwa hatari yao ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya wengine. Nitasema jambo ambalo huenda likawashangaza: katika kituo changu cha mwisho, wanawake wa CTC, yaani kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, walichunguzwa zaidi kuliko wale wasio na virusi. Hawa walikuwa wanakuja kila mara kuchukua dawa, tunawajua kwa majina, tunawakumbusha. Mama mkulima asiye na tatizo lolote hana sababu ya kuja kituoni baada ya uzazi wake wa mwisho, hivyo hakuna anayemwuliza.

Mahali tulipowapoteza wengi ni pale pa kuambiwa "njoo tena Jumanne". Unamkuta ana mabadiliko ya awali yanayotibika kwa dakika chache kwa baridi au kwa joto, kisha gesi ya mashine imekwisha, au mwenzako aliyefundishwa yuko likizo. Unampangia siku. Haji. Nilikuwa naandika majina yao pembeni ya rejista kwa penseli, na wengine nilikutana nao miaka baadaye wakiwa na harufu ambayo kila muuguzi anaijua. Kumwona na kumtibu siku hiyohiyo kunamsaidia kila mwanamke, lakini aliyetembea saa tatu ndiye anayeokolewa nako.

Chanjo nayo. Ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, ilianza nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja, jambo lililotuondolea taabu ya kumtafuta mtoto mara ya pili. Inatolewa sana mashuleni, na ndivyo ilivyo sahihi kwa kuwa wengi wako huko. Ila jiulize ni binti gani hayuko shuleni akiwa na miaka 13. Ni yule aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani. Ndiye mwenye hatari zaidi na ndiye chanjo inayempita, mpaka mtu aende kumfuata alipo.

Mkulima wa Chemba

Mama shikamoo, na mwenye uzi pole. Wote mnazungumzia namna watu wanavyotofautiana wakisha kuugua. Mimi naongeza kwamba hata kuugua kwenyewe hakugawanywi sawa.

Mtakumbuka mwaka 2016, katikati ya mwaka, watu wa huku kwetu Chemba na Kondoa, na upande wa Kiteto mkoani Manyara, walianza kuugua ghafla: macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika. Wengine walisema wamelogwa. Ilikuja kubainika ni sumukuvu iliyomo kwenye mahindi. Watu zaidi ya 60 waliugua na karibu 20 wakafa. Hiyo ilikuwa dozi kubwa ya mara moja, iliyofika hata redioni. Dozi ndogondogo ya kila siku haitangazwi, nayo ndiyo inayoleta saratani ya ini baada ya miaka, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini ya aina B, kwa sababu sumu hiyo na kirusi hicho vikikutana kwenye ini moja hatari yake huzidishana.

Sasa nieleze jambo ninaloliona kila Juni nyumbani kwangu. Tukishavuna karanga, mke wangu na mama mkwe hukaa kwenye mkeka wakichambua. Zilizonona, nyekundu, zisizo na kovu, huingia kwenye gunia la kuuza, kwa kuwa mnunuzi hutumbukiza mkono na akiona mbovu anashusha bei. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu kidogo, hubaki kwenye ungo. Zile za kwenye ungo hatutupi. Ndizo zinazotwangwa za kuungia mlenda, ndizo zinazoingia kwenye uji wa mtoto. Kumbe kuvu hupenda hizohizo zilizovunjika na kusinyaa. Najua hilo tangu mabwana shamba walipotufundisha baada ya 2016, nami nimejaribu kuzitupa. Mwaka wa mavuno mazuri naweza, mwaka wa ukame nisiwadanganye. Turubai la kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa vinasaidia sana, na vyote vinanunuliwa kabla ya mavuno, wakati mfuko hauna kitu.

Moshi wa jikoni na chai ya moto mno vinatajwa kwenye saratani ya umio, njia ya kupitisha chakula, ambayo ukanda wetu wa Afrika Mashariki unaijua vizuri. Nayo ni habari ya nani anapikia gesi na nani anapikia kuni. Ila huo ni uzi mwingine.

Baba wa Manyoni

Nasoma kimya tangu asubuhi. Mwanangu alikuwa na miaka miwili, jicho lake moja likawa linang'aa usiku kama la paka. Bibi yake alisema ni dalili ya akili nyingi. Tulipofika Muhimbili jicho lilikuwa limeanza kutoka nje, tukaambiwa ni saratani ya jicho. Dawa hatukulipia, naomba hilo lijulikane, watoto pale walitibiwa na hata sehemu ya kulala ikatafutwa.

Wenye kutibu walituonya tangu siku ya kwanza: tusikatishe. Mizunguko ya dawa ilikuwa kadhaa, na baada ya wa tatu mtoto akawa mzima kabisa machoni petu, anacheza, anakula. Nyumbani nilikuwa na wengine wanne, mke wangu yuko wodini kwa mwezi wa tatu sasa, mvua imenyesha na jirani ameniambia hatanilimia tena. Nikaenda kuwachukua. Nilidhani tutarudi baada ya kupanda. Tulirudi Aprili. Ilikuwa imehamia kichwani.

Kijana wa Area C, mimi nina kidato cha nne. Nilielewa kila nilichoambiwa.

Kijana wa Area C

Baba, pole sana. Nimekosea kusema lililobaki ni elimu, nami nalirudisha neno hilo.

Mtunza Daftari

Baba wa Manyoni, asante kwa kulisema hadharani. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Miongoni mwa sababu linazozitaja kuna kukatisha tiba, na neno hilo likiandikwa kwenye ripoti linaonekana kama uzembe wa mzazi. Nilikuwa nalisoma hivyo mimi pia.

Takwimu za saratani ya matiti za shirika hilohilo nimekuwa nikizirudia rudia kichwani. Katika nchi zilizoendelea sana, mwanamke 1 kati ya 12 hugunduliwa na saratani hiyo katika maisha yake na 1 kati ya 71 hufa kwayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini hugunduliwa 1 kati ya 27 tu, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Anayeugua kwa nadra ndiye anayekufa zaidi. Tena msidhani ni suala la nchi kuwa na mashine. Marekani ina mashine nyingi, na bado wanawake weusi huko, ambao huugua saratani ya matiti kidogo kuliko weupe, hufa kwa kiwango kinachozidi cha weupe kwa takriban asilimia 40. Bima, kazi isiyo na ruhusa ya ugonjwa, umbali wa kliniki nzuri na kutosikilizwa na daktari vimechunguzwa sana huko, ingawa sehemu nyingine inatokana na aina ya uvimbe wenyewe. Mashine ikishakuwepo, bado kuna swali la nani anaifikia na mwezi gani.

Ndiyo maana nina matumaini ya tahadhari kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Ikimfikisha mkulima mpaka kwenye tiba ya kibingwa bila barua tatu, itafuta miezi miwili kwenye daftari langu. Huduma za saratani zikisogea Kanda ya Kati zitafuta siku kadhaa na gesti nyingi. Kusoma kinyama hapahapa mkoani kungefuta miezi mitatu, na kwa maoni yangu ndiko kungeleta faida kubwa kwa fedha ndogo, ingawa hakuna anayekata utepe kwa ajili ya maabara. Ile saba ya mwanzo, ya kupanda na palizi na zahanati, ndiyo sijaona bado aliyeipangia kitu.

Binti Mlimwa

Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuingilia. Mama yangu yuko kijijini, ana miaka 58, tangu mwezi uliopita anaona damu kidogokidogo. Amesema tusubiri wiki ya uchunguzi wa bure wa siki itakapotangazwa. Nianzie wapi?

Nesi Mstaafu, Kongwa

Marahaba mwanangu. Usisubiri wiki hiyo. Kipimo cha siki ni cha mwanamke asiye na dalili, tena kwa umri wa mama yako sehemu tunayoitazama imekwisha jificha ndani na siki haitatuambia kitu. Damu baada ya kukoma hedhi ni dalili tayari. Mpeleke moja kwa moja hospitali yenye daktari wa magonjwa ya wanawake, na mkifika kwa daktari taja maneno haya waziwazi: damu imetoka baada ya kukoma hedhi, tunaomba atazamwe mlango wa kizazi na tumbo la uzazi, na kama inafaa achukuliwe kinyama. Akichukuliwa, uliza kinasomwa wapi, andika namba ya kipimo, na omba namba ya simu ya kuulizia ili usipande gari bure. Barua ya mtendaji aichukue sasa, kabla haijahitajika. Inaweza kuwa si saratani hata kidogo. Wengi huwa siyo.

Binti Mlimwa

Asante sana mama. Nimempigia. Mjomba amekubali kuuza mbuzi mmoja leo mnadani, na kesho wanapanda gari la alfajiri. Mtendaji tumempata kwenye simu, anasema yupo na muhuri anao.